Bi Zeyana na Makopo ya Jani la Kijani

Alipokuwa mtoto, Zeyana binti Mundhir alimwaga hamira yote ya mama yake ndani ya birika, akatia sukari na maji ya uvuguvugu, akafunika, kisha akakaa chini kungoja. Alitaka kuona ni nini hasa kinachoumua maandazi. Povu likapanda, likasukuma kifuniko, likamwagikia mkeka wa kuswalia wa baba yake. Alichapwa. Lakini hata machozi yakimtoka alikuwa anauliza, "Sasa mama, ile hewa imetoka wapi?"

Kwa hiyo watu wa Gongoni, mjini Tabora, waliomjua tangu enzi hizo hawakushangaa walipomwona ukubwani, mama wa watu, miwani puani, amekaa kibarazani kwake na kopo la maharage mkononi, analigeuzageuza kama mtu anayetafuta tundu. Aliyeshangaa ni mumewe.

Mumewe ni Mzee Salmini. Maisha yake yote ya kazi alifanya biashara ya asali na nta. Alikuwa akizifuata Usinge na vijiji vya kando ya misitu ya Kaliua, katika njia ileile ambayo zamani wapagazi wa misafara waliipita kwenda Ujiji, akizileta mjini kwa lori. Safari zile ndizo zilizomfundisha kupenda makopo. Gari likinasa kwenye tope la masika katikati ya pori, hakuna hoteli wala mama ntilie. Kuna kopo la samaki, mkate mkavu, na chai yenye harufu ya moshi. Hata alipostaafu akawaachia wengine pori, hakuliacha kopo.

"Kopo ni rafiki," alikuwa akisema. "Halinuni, halichachi, wala halikuulizi ulikuwa wapi."

Bi Zeyana naye hakuwa na ugomvi na makopo. Stoo yake ilikuwa nyuma ya jiko, chumba chembamba chenye dirisha la wavu. Upande mmoja alihifadhi vitu vya kwao Unyamwezini: matobolwa, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, uyoga mkavu wa masika, nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, na asali ndani ya ndoo. Upande wa pili kulikuwa na makopo ya Mzee Salmini: samaki, maharage, nyanya, mahindi, mengine yenye maandishi ya Kiarabu, mengine ya Kituruki, mengine ya lugha asizozijua. Aliyafuta vumbi, akayapanga, akayafungua yalipohitajika. Basi.

Ijumaa moja Mzee Salmini aliporudi kutoka msikitini alishika mwimo wa mlango, akasema nyumba inazunguka. Wakampeleka Kitete, hospitali ya mkoa. Daktari akamkuta na presha iliyopanda sana, akampa dawa, na kabla hajamruhusu akamgeukia mkewe.

"Mama, chumvi. Dawa pekee haziwezi kushindana na chumvi. Ipunguze."

Bi Zeyana aliporudi nyumbani aliiondoa chupa ya chumvi mezani. Kwenye mchuzi akaweka ndimu, tangawizi na giligilani. Mzee Salmini alikula kwa uso wa mtu anayesoma barua ya msiba, lakini alikula. Wakarudi kupima. Presha iko palepale. Wakarudi tena. Ilikuwa imeshuka kidogo tu, kama mgeni anayesogea kwenye kiti bila kukusudia kuondoka.

Jambo hilo lilimkera Bi Zeyana, lakini zaidi lilimshangaza. Sufuria zote zilipita mikononi mwake. Chumvi aliifungia kabatini. Sasa hii nyingine inaingilia mlango gani?

Asubuhi moja Mzee Salmini alikuwa anapata staftahi yake ya siku zote, samaki wa kopo na mkate, ana raha zake. Bi Zeyana alikuwa amesimama kando na birika la chai. Akayatazama yale mafuta mekundu yaliyobaki ndani ya kopo. Akachovya kidole, akalamba.

"Eh!" akasema.

"Eh nini?"

"Hebu nipe hilo kopo."

Akachukua miwani, akaenda nalo kibarazani penye mwanga. Herufi zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa, lakini Kiarabu cha madrasa hakikuwa kimemtoka. Akasoma: samaki, nyanya, mafuta, milhi. Milhi ni chumvi. Akaingia stoo, akatoa la maharage: maji, maharage, sukari, milhi. La mahindi: milhi. Nyanya nzito ya kopo, ambayo yeye mwenyewe aliitia kwenye mchuzi kila siku ya Mungu huku ameifungia chumvi kabatini: milhi.

Akayapanga makopo yote sakafuni, akasimama katikati yake, akacheka peke yake.

"Baba Sheima," akaita, "njoo uwaone rafiki zako."

Tangu siku hiyo hakununua kopo kabla hajalisoma pande zote. Alimpigia simu binti yake Sheima, aliyekuwa mtunza stoo wa hoteli moja Dar es Salaam, akamwuliza maswali mpaka salio likakata, kisha Sheima akapiga yeye. Alijifunza kwamba vitu vinavyotajwa kwenye lebo hupangwa kwa wingi wake, kinachotangulia ndicho kilichozidi. Akaenda kuangalia, akakuta kopo moja la nyanya ambalo kitu cha kwanza kabisa kilikuwa maji. Alijifunza pia kwamba maharage ya kopo ukiyamimina kwenye chujio ukayasuuza vizuri, chumvi nyingi huondoka na maji. Alijaribu, akaonja kabla na baada, akakuta ni kweli. Kopo lililovimba haliguswi, hata likiwa la bure. Lililobonyea kwenye mshono au lililoliwa na kutu linaachwa dukani.

Sheima alipoona mama yake amenogewa, akamtumia boksi kwa basi. Ndani mlikuwa na makopo ambayo Bi Zeyana hakuwahi kuyaona Tabora: dengu, maharage mekundu, nyanya nzima zisizo na maganda, mahindi, na mchuzi wa nyanya uliokwisha kuungwa. Kila moja lilikuwa na jani dogo la kijani pembeni, na maneno yanayosema kwamba ni mazao ya kilimo hai, yaliyolimwa bila mbolea ya viwandani wala dawa za sumu.

"Na samaki wa kilimo hai je?" Bi Zeyana akauliza kwenye simu.

Sheima alicheka sana. "Mama, samaki wa bahari halimwi. Nani atajua kule chini amekula nini?"

Siku boksi lilipofika, Dafrosa alikuwa amekuja. Dafrosa ni mkulima wa Kipalapala, nje kidogo ya mji, jirani na seminari. Alikuwa akimletea Bi Zeyana mboga tangu Sheima akiwa mwanafunzi, na kwa miaka mingi ile mboga ilikuwa kisingizio tu. Walichokuwa wakikifuata ni mazungumzo. Bi Zeyana alikuwa akimwamkia kwa Kinyamwezi cha kuokoteza, "Mwangaluka, mayu," na Dafrosa akimjibu, "Alhamdulillahi, bibie," kisha wote wakacheka.

"Mama Mathias, leo utanisaidia kuonja," Bi Zeyana akamwambia Dafrosa.

Wakafungua makopo, ya jani la kijani na yale ya kawaida, wakayamimina kwenye mabakuli, wakayageuza kuwa fumbo: huyu anafumba macho, yule anamlisha kwa kijiko. Mzee Salmini naye akaitwa. Yeye, bila kusita, alichagua maharage ya bei rahisi kuliko yote. "Haya ndiyo chakula," akasema. Yalikuwa yamejaa chumvi na sukari. Dafrosa alizichagua dengu za jani la kijani, akasema zina ladha ya dengu, hazina ladha ya bati.

Lakini jambo lililomkamata Bi Zeyana lilikuwa ule mchuzi wa nyanya wa kilimo hai. Aliuonja, akakunja uso, akaonja tena. Kisha akachukua miwani.

"Una chumvi kuliko wa dukani!" akasema. "Huu wenye jani! Sheima ananitania?"

Akapiga simu palepale, akaweka sauti kubwa ili Dafrosa asikie.

"Mama," Sheima akasema, "jani linakwambia mambo ya shambani. Nyanya imelimwaje, imepigwa dawa au haikupigwa. Halikwambii mpishi wa kiwandani alikuwa na mkono wa namna gani. Hayo ni maswali mawili, na kila moja lina sehemu yake kwenye kopo."

"Mawili," Bi Zeyana akarudia, kama mtu aliyeonyeshwa chumba kingine ndani ya nyumba anayoishi.

Dafrosa alilichukua kopo la dengu, akalitazama lile jani. Zamani yeye na mumewe Bernardo walilima tumbaku. Alikumbuka jinsi Bernardo alivyokuwa akirudi kutoka shambani na pampu mgongoni, macho mekundu, kichwa kinamgonga, na jinsi alivyokuwa akimmwagia maji kabla hajamruhusu kumshika mtoto. Mwishowe waliacha, wakaingia kwenye mboga, wakirutubisha kwa samadi na kupambana na wadudu kwa majivu na mwarobaini. Wenzao waliwacheka kwa sababu sukuma wiki zao zilikuwa na matundu.

"Bibie," akasema, "mimi kuchora jani naweza. Hata mjukuu wangu anaweza. Huyu aliyelichora, nani alikwenda shambani kwake kumhakikishia?"

Kwa Bi Zeyana swali lile lilikuwa kama kuwashwa mahali mkono usipofika. Akamwuliza Sheima. Sheima akamwambia atazame chini ya jani. Kweli, palikuwa na jina la shirika lililokagua mashamba, namba ya kibali, na nchi mazao yalikotoka. Jani bila mkaguzi, Sheima alisema, ni pambo tu.

Habari husafiri Gongoni haraka kuliko moshi. Haikupita muda wanawake wa mtaa walikuwa wanakuja kwa Bi Zeyana na vikapu vyao, mmoja ana mtoto mwenye kisukari, mwingine ana mkwe mwenye figo mbovu, wanatoa kopo na kuuliza, "Hebu nisomee hili, Mama Sheima." Naye alisoma. Walipoanza kutajataja jani la kijani, Hamoudi alisikia.

Hamoudi ni mtoto wa marehemu ndugu yake Mzee Salmini. Baba yake alipofariki, Mzee Salmini na Bi Zeyana ndio waliomlea na kumsimamisha dukani. Lilikuwa duka zuri la vyakula, karibu na soko, lenye rafu mpaka darini. Shaabani ilipokaribia kwisha na watu wakaanza kujaza stoo kwa ajili ya Ramadhani, Hamoudi alipanga mbele ya duka mnara wa makopo ya maharage na nyanya, yote yenye jani la kijani, bei yake poa kuliko ya mji wowote. Wanawake wa Gongoni wakayabeba kwa makasha. Wengi walisema, "Tumeyaona kwa Mama Sheima."

Bi Zeyana naye alikwenda, akanunua machache, akampongeza mwanawe. Njiani alikuwa na furaha. Ni pale alipoyaweka juu ya meza ya jikoni, akavaa miwani kutafuta jina la mkaguzi, ndipo furaha ikaanza kumpungua. Palikuwa na jani. Chini ya jani hapakuwa na kitu. Hakuna shirika, hakuna namba, hakuna nchi. Na pembeni, pale karatasi ilipoungana, ukingo ulikuwa mnene kidogo. Akaupitishia ukucha. Ulikuwa na ngazi mbili.

Mwingine angesema gundi mbaya. Yeye alichemsha maji.

Alililaza kopo ndani ya beseni la maji ya moto, akakaa kulitazama. Lebo ikalegea, ikajikunja pembeni, akaivuta polepole. Chini yake kulikuwa na lebo nyingine, ya maharage ya kawaida kabisa ya kiwanda asichokijua, rangi imefifia. Akaligeuza kopo. Kwenye kitako, mahali tarehe inapopigwa muhuri, palikuwa pamesuguliwa kwa msasa. Lakini lebo ya chini nayo ilikuwa na tarehe yake, na hiyo hakuna aliyekumbuka kuifuta. Muda wa maharage yale ulikuwa umekwisha tangu Ramadhani ya mwaka uliopita.

Akaloweka la pili, akitumaini. Likawa vilevile.

Mzee Salmini alipooneshwa, alizungusha tasbihi kidoleni.

"Umemwambia nani?" akauliza.

"Wewe tu."

"Basi ishie hapa. Nitamwita Hamoudi kwa siri, ayatoe rafuni. Watu wakijua, duka la marehemu ndugu yangu limekufa. Usimwaibishe mtoto, Mama Sheima."

"Na yaliyokwisha kununuliwa? Mama wa yule mtoto wa kisukari alibeba kasha zima. Alibeba kwa sababu yangu."

"Maharage ni maharage. Mimi nimekula makopo ya kila namna porini, mbona niko hai?"

Bi Zeyana alimtazama mumewe, mkono wake uliokonda, dawa zake kwenye kisahani. Alivaa baibui lake, akaweka yale makopo mawili kwenye kikapu, akatoka.

Dukani palikuwa na watu, naye akasubiri pembeni mpaka wakapungua.

"Shikamoo, mama mkubwa," Hamoudi akasema, akimletea kiti.

"Marahaba, mwanangu. Nina jambo. Twende nyuma."

Kule nyuma, kati ya magunia ya mchele, akamwonesha. Hamoudi aliyashika makopo, uso ukambadilika rangi. Kwanza alikasirika, na kwa kuwa hasira haikuwa na pa kwenda ikamwendea yeye.

"Mama mkubwa, nawe umezidi! Kila kitu unakichimba! Pengine ni kiwanda kimebadilisha karatasi. Watu wanabadilisha karatasi!"

"Pengine," akasema Bi Zeyana kwa upole. "Basi na tuchukue lingine kutoka kwenye kasha ambalo halijafunguliwa. Tuone wote wawili. Kama nimekosea, nitakuomba radhi hapa mbele za watu."

Alimaanisha. Njia nzima alikuwa akiomba awe amekosea. Hamoudi alileta kopo na maji ya moto ya chupa ya chai. Walisimama wameinama juu ya bakuli, wote wawili wanatazama. Karatasi ikaanza kujikunja.

Hamoudi akakaa juu ya gunia.

Makopo, alieleza baadaye, yaliletwa na gari dogo lililokuwa likipita miji ya njia ya reli. Muuzaji alikuwa kijana mcheshi, shati safi, anajua kusalimia. Alisema ni bidhaa za kilimo hai zilizobaki baada ya kufungwa kwa kampuni moja, ndiyo maana bei iko chini. Hamoudi alimpigia simu palepale. Haikupatikana. Alipiga tena na tena, akiitazama simu kana kwamba ndiyo iliyomwibia.

"Nitayaondoa leo," akasema mwishowe. "Nitayafukia. Lakini, mama mkubwa, nakuomba, yasitoke nje. Nani atanunua hata chumvi kwangu?"

Bi Zeyana alimwonea huruma. Huyu ndiye mtoto aliyekuwa akimbeba mgongoni akiota meno. Alikuwa bado anatafuta neno la kumwambia waliposikia fimbo inagonga sakafuni. Mzee Salmini alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala, anahema. Alikuwa ametembea kutoka nyumbani kwa miguu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu augue.

"Ami!" Hamoudi akasimama. "Kwa nini hukuniita nije?"

"Nipe kiti," akasema Mzee Salmini. "Kiweke mbele ya duka. Na hayo makopo yaondoe kwenye ule mnara, yaweke chini, yasionekane kama bado yanauzwa."

Alipokaa na kupata pumzi, alimtazama mkewe, akatazama pembeni. "Umeniachia swali nyumbani," akamwambia. "Nimejaribu kulijibu mwenyewe, nimeshindwa." Kisha akamgeukia Hamoudi. "Nilipokuwa nanunua asali Usinge, kuna mwaka niliuziwa madebe yaliyochanganywa na sukari guru. Nami nilikwisha kuyauza nusu. Baba yako akaniambia, Salmini, ukiwafuata wateja kabla hawajakufuata wewe, watakuwa wateja wako. Wakikufuata wao, watakuwa mashahidi. Anza kupiga simu. Walio jirani nitawaambia mimi."

Akakaa pale mbele ya duka, kofia yake nyeupe kichwani, akimwita kila mwanamke aliyepita. "Binti, ulinunua makopo yenye jani hapa? Yarudishe. Tumedanganywa, nasi tukawauzia. Hamoudi atakurudishia chako." Wengine waliguna. Wengine walisema maneno. Bi Theodora, mwalimu wa shule ya msingi, alisema la kwake alilitupa siku ileile kwa sababu lilinyunyiza maji lilipofunguliwa, na hakusema kitu kwa kuwaonea haya. Bi Zeyana aliposikia hivyo aliketi kwenye ngazi ya duka. Akamwuliza kama kuna aliyelila. Hakuna, alhamdulillahi, hata paka alilikataa.

Bi Zeyana ndiye aliyeshauri afisa afya wa kata aitwe. Hamoudi aliogopa, lakini alikubali. Afisa alikuja, akaandika maelezo, akachukua sampuli, na yaliyobaki yakapelekwa kuteketezwa. Yule muuzaji mcheshi hakupatikana. Wengine walisema ameonekana Kigoma, wengine Shinyanga. Ramadhani ile duka la Hamoudi lilipoa kweli, na wapo wateja ambao hawakurudi mpaka leo. Lakini wengi walirudi, pengine kwa sababu ya ile picha ya mzee mgonjwa aliyekaa juani akijisema mwenyewe.

Baada ya Idi, Hamoudi alimfuata Bi Zeyana nyumbani. Alizunguka sana, akauliza habari za presha, za mvua, za Sheima. Mwishowe akasema, "Mama mkubwa, kuna wakala anakuja na bidhaa mpya. Nilikuwa naomba uwepo."

Akawapo. Masele, wakala mwenyewe, alikuwa na karatasi zake zote kamili, lakini hakuwa amejiandaa kwa mwanamke mwenye miwani na kifungua kopo. Bi Zeyana alimwomba kopo moja la kila aina. Alisoma, akafungua, akamimina kwenye sahani, akadai haki yake ya kuonja. Alitaka kujua nyanya hizi zimetoka wapi, kwa nini dengu hizi zina maji mengi kuliko zile, na ndani ya kopo pamepakwa nini panapong'aa hivi. Masele alijibu aliyoyajua, na aliyoyaona mazito akayauliza kiwandani kwa simu. Alipoondoka alimwambia Hamoudi kwamba Tabora hii imemchosha kama aliyefanya mtihani, ila angependa kuja tena.

Stoo ya Bi Zeyana sasa ina makopo machache. Ya kilimo hai hununua yakiwa na mkaguzi wake na chumvi yake ni haba. Yakikosekana, huchukua ya kawaida yasiyoungwa na kuyasuuza. Samaki wa kopo bado wapo, waliohifadhiwa kwa maji, na Mzee Salmini huruhusiwa kuwala siku za Ijumaa. Yeye huwaita samaki wa hospitali. Presha yake imeteremka, ingawa hakubali kwamba ni kwa sababu ya chakula. Anasema ni kwa sababu siku hizi anatembea mpaka dukani.

Msimu wa nyanya ulipofika, Dafrosa alikuja bila mboga. Alikuwa amehudhuria mafunzo ya akina mama parokiani, wamefundishwa kuhifadhi nyanya kwenye chupa.

"Nyanya zangu unazijua, bibie," akasema. "Shamba umeliona. Hapo hakuna haja ya jani."

Bi Zeyana akapanda bodaboda mpaka Kipalapala. Wakamenya, wakatoa mbegu, wakazipakia kwenye chupa za kioo zilizochemshwa, kila moja na ndimu yake, kwa kuwa walimu walisema bila uchachu haifai kuhifadhi. Bi Zeyana akauliza kama wanaweza kufanya na maharage pia. Dafrosa akatikisa kichwa: waliambiwa maharage yanataka mtambo wa mvuke, sufuria ya nyumbani haitoshi, na ukikosea yanaua. Basi maharage wakayaacha. Wakafunika chupa za nyanya, wakazitumbukiza kwenye sufuria kubwa juu ya kuni. Moja ilipasuka, maji yote yakawa mekundu, Dafrosa akapiga ukelele. Nyingine ilitoka na kifuniko kilicholegea. Hiyo wakaipika jioni ileile. Zilizobaki wakazipanga juu ya kitambaa mezani zipoe.

Walikuwa wanakunywa uji wakasikia sauti ndogo. *Tak.*

"Nini hicho?" Bi Zeyana akageuka.

"Kifuniko," akasema Dafrosa. "Kimejibana. Ndiyo dalili kwamba chupa imeshika."

"Kimejibanaje? Nani amekivuta?"

Bernardo, aliyekuwa anatengeneza mpini wa jembe mlangoni, akasema ni joto linatoka. Dafrosa akasema hapana, ni hewa ya nje inasukuma. Bernardo akasema hewa itasukumaje bati. Wakaanza kubishana kwa Kinyamwezi, na Bi Zeyana hakusubiri waafikiane. Alisogeza kigoda mpaka mezani, akainamisha sikio juu ya chupa iliyofuata, akawainulia mkono wanyamaze.